MRI ya ubongo na mgongo Upper Hill: nyota nne, nyingi ni za aliyesoma fomu

Naanza na nyota ili mwenye haraka ajiendee zake: nne kwa tano. Haya ni maoni kuhusu kituo kimoja cha picha hapo Upper Hill tulikompeleka anti yangu kupigwa MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, ya ubongo na ya mgongo mzima, baada ya kuzungushwa hii Nairobi mpaka tukakosa la kusema. Jina la kituo sitaliweka, kuna mahali nitalalamika na sitaki maneno na watu, halafu pia ninachosifu si jengo wala mashine. Mashine ziko. Upper Hill karibu kila ghorofa ina kliniki au maabara ndani, na ukiwa na pesa au bima yenye nguvu utapigwa picha leo leo. Kitu hawa walifanya ambacho kwingine hatukukipata ni kwamba kuna mtu alisoma fomu ya daktari kabla hatujaingia ndani, akatoka mwenyewe, akauliza, na akapanga picha kulingana na jibu. Basi. Na hiyo ndiyo imemrudisha mama wa watu kazini.

Wacha nieleze mgonjwa kwanza juu bila yeye hutaelewa mbona nasifu fomu.

Anti ni mama wa mitumba Gikomba, nguo za watoto, wale wa kufika saa kumi na moja alfajiri belo zikifunguliwa ili aokote kamera, yaani zile nguo bora, kabla wenzake hawajaamka. Ana miaka 52, hana presha, hana sukari, ni mtu wa kusimama tangu asubuhi mpaka jioni na sauti yake unaisikia kutoka barabarani. Kichwa kilimuanza tu, hakuanguka, hakugongwa na mkokoteni, hakufanya chochote anachokumbuka. Akiamka yuko sawa kabisa, anakunywa chai yake, anapanda mathree (matatu), kufika saa nne saa tano hivi kichwa kinapanda kutoka kisogoni, shingo inakaza, masikio yanavuma na maneno ya watu anayasikia kwa mbali hata ukiwa umesimama mbele yake, roho inachafuka. Sasa anafanya aje? Anatandika magunia chini ya meza analala. Baada ya muda mfupi kichwa kimeisha, kimeisha kabisa, anaongea na kucheka akiwa pale chini, mteja akiuliza bei ya ovaroli anajibiwa na mtu ambaye hamuoni. Akisimama tu, kinarudi. Jirani yake wa kibanda alikuwa anamtania eti huo ni ugonjwa wa kukimbia wateja wa kuomba bei ishuke.

Hiyo ya kulala na kusimama ishikeni, kwa sababu alikuwa anaisema mwenyewe kila mahali tulipoenda na hakuna aliyeiandika. Kliniki ya mtaani ikampata na taifodi, si ndio kawaida, hii Nairobi ukiingia kliniki na kichwa unatoka na taifodi. Kwingine ikawa sainasi, akapewa antibiotiki. Kwingine kipandauso, akapewa dawa zilizomlaza siku nzima, akapata nafuu, daktari akafurahi dawa imefanya kazi, kumbe nafuu ni ya kulala. Kuna mmoja alimwambia ni mawazo, apunguze kufikiria madeni, ati mfanyabiashara wa Gikomba apunguze kufikiria madeni.

Halafu mambo yakageuka. Kichwa akaacha kukilalamikia sana tukadhani anapona, kumbe sasa shida imehamia kwa tabia. Mtu analipa na noti ya mia mbili anarudishiwa chenji ya elfu. Kwenye mathree analala mpaka anapitishwa steji, tena usingizi mzito wa mtu aliyekesha na usiku alilala kama kawaida. Nguo zinanyeshewa anaziangalia tu. Tulienda matanga Machakos, katikati ya maombi akacheka kwa nguvu, halafu akauliza nyama itaiva saa ngapi, na huyu ni mtu wa jumuiya, mtu wa kitambaa kichwani na heshima zake. Familia ikagawanyika hapo hapo: kuna wa maombi, kuna wa kusema amechezewa na watu wa soko, na kuna binamu yangu mwalimu aliyesema hii ni dementia. Kusema ukweli mwalimu alikuwa na hoja. Kuna dementia inayoanzia sehemu ya mbele na ya pembeni ya ubongo, inashika watu wakiwa bado kwenye miaka ya hamsini, na inaharibu tabia kabla ya kumbukumbu, na kwenye hospitali moja kubwa daktari aliiandika kwa kadi yake na alama ya kuuliza mbele. Hiyo haina tiba ya kuiponya. Ukishaandikiwa hiyo familia inaanza kuongea kuhusu shamba na nani atakaa na yeye, na sisi tulikuwa tumeanza.

Sasa niweke ile sayansi kidogo, nimeisoma mpaka macho yakauma. Ubongo haukai kwenye fuvu hivi hivi, unaelea kwenye maji, na ni maji hayo hayo yanayoshuka kuzunguka uti wa mgongo. Kwa mtu mzima ni kama mililita 150 tu kwa wakati mmoja, na mwili unatengeneza karibu nusu lita kwa siku, yaani yanabadilishwa mara kadhaa kati ya leo na kesho. Ubongo wenye karibu kilo moja na nusu ukiwa humo unabaki na uzito kama wa gramu 50. Maji hayo yana mfuko wake, utando mgumu, na mfuko ukitoboka mahali popote mgongoni, labda kamfupa kameota kwenye pingili kakauchana, au mahali utando ulikuwa mwembamba tangu zamani, maji yanavuja polepole bila wewe kuona hata tone. Ukilala ubongo hauna shida sana. Ukisimama unashuka, kama jahazi la Lamu maji yakipwa, linakaa kwenye tope na kuegemea upande. Ukishuka unavuta utando na mishipa, ndio kile kichwa cha saa nne. Na ukikaa umeshuka hivyo muda mrefu kuna watu wanaanza kubadilika, usingizi mwingi, kutojali, maneno ya ovyo mbele ya wakwe, na kwa nje huwezi kuwatofautisha na wale wa dementia ya mbele. Ila hawa wana tundu, na tundu linazibika.

Mama yeyote aliyedungwa sindano ya mgongo akijifungua kwa upasuaji halafu baada ya siku moja mbili akashindwa kuketi amnyonyeshe mtoto kwa sababu ya kichwa, huyo anajua ninachosema, ni jamaa ya huu ugonjwa, ni vile tu tundu lake limetobolewa na sindano na kila mtu anajua liko wapi. Ya anti imejileta yenyewe na hakuna anayejua iko wapi, madaktari wanaiita spontaneous intracranial hypotension, yaani presha ya chini ndani ya fuvu iliyojileta yenyewe. Si ugonjwa wa kila siku, hesabu za Marekani ni watu kama 4 au 5 kwa kila laki moja kwa mwaka, na wanawake wanaupata zaidi. Lakini piga hesabu, sensa ya 2019 ilituweka Nairobi milioni 4.4, kama sisi ni sawa na wao basi ni karibu watu 200 kila mwaka hapa hapa mjini. Wako wapi? Mimi nadhani wako kwa foleni ya taifodi.

Kabla ya Upper Hill kuna picha ilipigwa kwingine, na hapa ndio nataka wenye kusoma wawe makini kwa sababu ile picha haikuwa mbaya. Mashine ilikuwa sawa, picha zilikuwa safi. Fomu iliyopelekwa ilikuwa na maneno matatu tu, kichwa kinamuuma sana. Wakampiga ubongo bila kontrasti, ile dawa ya kudungwa ili sehemu fulani zimete kwa picha, bila mgongo, ripoti ikarudi inasema sehemu ya chini ya ubongo wa nyuma imeshuka kwenye tundu la chini la fuvu, inaonekana ni Chiari, aonwe na daktari wa upasuaji wa ubongo. Chiari ni ugonjwa wa kweli, na mara nyingi mtu huzaliwa na hiyo hali. Lakini ubongo unaoshuka kwa kukosa maji nao unaangukia pale pale, na ukitazama hapo peke yake vinafanana. Upasuaji wa Chiari ni kukata mfupa wa kisogo uongeze nafasi. Fikiria mtu ambaye maji yake yanavuja mgongoni anafunguliwa kisogo. Hiyo imetokea kwa watu huko nje na imeandikwa, na anti alikuwa ameshaanza kuulizwa nani atasaini.

Aliyetutoa huko ni daktari wa neva, mama mmoja asiyependa maneno mengi. Alimlaza anti kwa kitanda cha kliniki akaendelea kuongea na sisi mambo mengine kabisa, ya soko, ya watoto, halafu akarudi kwake.

"Mama, kichwa kikoje?"

"Hakuna, daktari. Nikilala mimi ni mzima."

"Haya, simama hapo dirishani tuendelee."

Tukaendelea kuongea, anti kasimama, na ukweli hata mimi nilianza kuona uso wake unavyobadilika, akashika shingo, akaanza kujibu maswali pole pole halafu akaacha. Daktari akaandika. Alijaza fomu mpaka akageuza nyuma: maumivu ya kusimama, tabia imebadilika, picha ya awali inasema Chiari, mimi sidhani, tafuteni dalili za maji kuvuja, ubongo kabla na baada ya kontrasti, mgongo mzima kuanzia shingo, picha za kuonyesha maji, na mafuta ya mwili yafifishwe ili maji yaonekane. Tukamuuliza mbona asimdunge mgongo apime hiyo presha ya maji moja kwa moja si ndio itajulikana. Akasema hapana. Vitabu vinasema chini ya milimita 60 za maji ni presha ya chini, lakini wagonjwa wengi sana wa hii kitu wakipimwa wanapatikana na kipimo cha kawaida, sasa ukipata kawaida utamwambia nini, aende nyumbani? Na kila sindano ni tundu lingine. Alisema shida yenyewe ni maji kupungua, presha ni jina tu lilibaki. Nilimpenda huyu mama.

Sasa kituo chenyewe.

Kuweka nafasi kwa simu ilikuwa rahisi, walipokea, wakatuma ujumbe na maelekezo. Mapokezi ndio nilipotolea ile nyota moja. Viti vya chuma, vile vya uwanja wa ndege, foleni ndefu, na mgonjwa wetu ni mtu ambaye kukaa wima ndio ugonjwa. Tuliomba kitanda tukaambiwa vitanda ni vya wagonjwa wa wadi wanaoletwa na ambulensi. Anti hakubishana na mtu, alivua kitenge akatandika sakafuni kando ya mtungi wa maji, akalala. Askari akaja, mama hapa hapalalwi. Anti akamwambia mwanangu nikisimama nitakutapikia viatu. Askari akaangalia viatu vyake akaenda.

Na hapo hapo ndio mlango ukafunguka akatoka daktari wa kusoma picha, kijana tu, fomu mkononi. Huyu kwa kawaida humuoni, anakaa chumba cha giza na skrini zake, unaonana na sahihi yake. Akauliza mgonjwa wa fomu hii ni nani, tukamwonyesha chini. Akachuchumaa.

"Shikamoo mama. Hapo chini unaskia aje?"

"Marahaba. Hapa niko fiti kabisa, sema tu sakafu ni baridi."

"Na kwa kiti?"

"Kwa kiti utanizika."

Akacheka, akasema huyu aletewe machela sasa hivi na asisimamishwe tena mpaka amalize. Halafu akaenda kwa dawati akaangalia kompyuta, kumbe wa mapokezi alikuwa ameingiza kichwa peke yake, mgongo hakuuona kwa sababu uliandikwa nyuma ya karatasi. Akabadilisha. Akasema mgongo uanze, kontrasti ije mwisho, na akaongeza mapande membamba ya katikati ya ubongo ili apime nafasi fulani kwa milimita. Wa bima walikuwa wameidhinisha ubongo tu, pesa ya mgongo tuliichangisha M-Pesa kwenye grupu la familia tukiwa tumesimama hapo, na lazima niseme wale wa kusema amechezewa ndio walituma haraka zaidi.

Maandalizi yao yako vizuri sana. Damu ya figo waliangalia kwanza, kwa sababu hiyo kontrasti ina gadolini na mwenye figo mbovu lazima wajue mapema. Maswali ya chuma mwilini, mashine ya moyo, vipande vya chuma kwa jicho, koili ya uzazi, yote yaliulizwa na mtu anayekuangalia usoni, si kupewa karatasi utie alama. Dada wa pale aligundua anti amesuka na uzi wa kung'aa, zile nyuzi za dhahabu kwenye braidi, zingine zina chuma, akakaa chini akazichomoa moja moja akiongea naye habari za bei ya nguo za shule. Alipewa viziba masikio na blanketi. Ile mashine inapiga kelele ya kutisha na watu wengi wanaogopa lile shimo, lakini anti tulivyoambiwa alilala usingizi akakoroma, na ukifikiria ni sawa, ndio mahali pa kwanza siku hiyo alipoachwa alale chali bila kusumbuliwa.

Nilikuwa na swali kama picha ya mtu aliyelala itaonyesha ugonjwa wa kusimama. Daktari wa picha alinijibu vizuri, kwamba ubongo ukishakaa umeshuka muda mrefu haurudi juu kwa sababu umelala nusu saa, na vilevile fuvu halikubali nafasi tupu, maji yakipungua damu inajaza. Kwa hivyo unatafuta alama za kujaziwa. Utando wa ubongo ulimeta wote sawasawa baada ya kontrasti, mishipa mikubwa ya damu imevimba, tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo imejaa, ubongo wa katikati umeinama na ile nafasi juu ya tezi imebaki nyembamba chini ya milimita 4. Kuna madaktari wa Bern, Uswisi, walitoa mwaka 2019 njia ya kuzipa pointi alama kama hizi na kuzijumlisha, mwisho ni 9, ukifika 5 kwenda juu kuvuja kunawezekana sana, ukiwa 2 au chini haielekei. Anti alipata 8. Moja iliyokosekana ni maji au damu kukusanyika chini ya utando, hiyo hakuwa nayo, na tushukuru. Na Chiari? Ripoti ilijibu hilo kwa mstari wake peke yake, kwamba kushuka kwa ubongo wa nyuma ni matokeo ya maji kupungua na upasuaji wa kisogo usifikiriwe. Ule mstari ungeuzwa peke yake ningeununua.

Kwenye mgongo ndio waliona maji yamekaa nje ya mfuko, mstari mrefu mweupe mbele ya uti eneo la kifua, mahali ambapo hapafai kuwa na kitu cheupe. Tundu lenyewe halikuonekana kwa jicho, lakini kuvuja kuko, na hata mimi nisiyejua kitu alinionyesha kwa skrini nikaona. Si lazima mtu wa picha akuonyeshe. Huyu alionyesha.

Malalamiko mengine ni madogo. Picha wanakupa kwa CD, mwaka huu, leptop gani bado ina mahali pa CD? Mwishowe walitutumia linki baada ya kuomba sana. Ripoti ilichelewa kuliko walivyoahidi, ila ukishaiona unaelewa kwa nini, ni kurasa zilizoandikwa na mtu, si zile za kubandika maneno yale yale. Pakingi usiulize. Bei ni ya kukaa chini kwanza, na ukijumlisha mgongo na kontrasti inazidi kupanda, lakini nikiweka pembeni pesa zote tulizotumia kutibu taifodi na sainasi zisizokuwepo sioni kama tumeibiwa.

Baada ya hapo alienda hospitali kuwekewa kiraka cha damu. Inasikika vibaya lakini ni kitu cha maana: daktari wa usingizi anatoa damu yako mwenyewe mkononi, kama mililita 20 au zaidi, anaidunga mgongoni nje tu ya ule mfuko, damu inagandamana na kuziba. Cha kwanza kilishika halafu kikaachia, kikarudiwa, ndio kikakaa. Aliambiwa asiiname wala kuinua kitu kizito kwa wiki kadhaa, na kumwambia mama wa Gikomba asiinue belo ni kazi kuliko tiba. Kuna kipindi kichwa kilirudi ila kimegeuka, sasa kinauma akilala na kupoa akiketi, tukashtuka, kumbe hiyo hutokea, tundu likizibwa mwili bado unatengeneza maji kwa kasi ile ile na presha inapanda juu, akapewa asetazolamaidi ya kupunguza maji mpaka ikatulia. Mtu aambiwe hii mapema jamani, sisi tulidhani kiraka kimeharibika. Tabia ilirudi polepole, si siku moja. Usingizi ndio ulienda kwanza, halafu chenji ikaanza kuwa sawa, na siku moja akaniuliza kwa uchungu kabisa nani alimwacha acheke kwenye yale matanga.

Sasa kwa wale ambao mna mgonjwa wa namna hii mnasoma hapa, kuna mambo ya kujua kabla hamjalipa popote. MRI ya ubongo ikiwa safi haimaanishi hakuna kuvuja, karibu mmoja kwa watano picha ya ubongo inatoka kawaida. Na kuna aina moja ambapo maji hayamwagiki nje, yanaingia moja kwa moja kwenye mshipa wa damu, hiyo haionekani kwa MRI ya mgongo ya kawaida hata isomwe na nani. Ilielezwa mara ya kwanza mwaka 2014 na kikundi cha daktari Wouter Schievink wa Cedars-Sinai kule Los Angeles, na kuipata kunahitaji kudungwa rangi kwenye maji ya uti ukiwa umelala ubavu na picha zipigwe hapo hapo rangi ikikimbia. Baadhi ya wale wanaobadilika tabia kama anti wamepatikana na hiyo aina wakitafutwa vizuri, kwa hivyo ukiambiwa mgongo hauna kitu na dalili ni hizi, uliza daktari wa neva kuhusu hiyo, usikubali tu kurudishwa kwa dementia. Sisi tulikuwa na bahati yetu ilionekana kwa picha ya kwanza ya mgongo.

Mambo ya vitendo: pigeni simu siku moja kabla, semeni mgonjwa hawezi kuketi na mnataka machela mlangoni, msingoje kufika. Ulizeni kama mgongo mzima na ubongo wa kontrasti vimeingizwa vyote kwenye nafasi moja na mwambieni wa mapokezi ageuze fomu asome nyuma. Bima waandikieni idhini ya vyote viwili mapema. Bebeni ile CD ya picha ya zamani hata kama ilisema kitu kingine, waliilinganisha na mpya. Na kama mgonjwa amesuka na uzi wa kung'aa, fumueni nyumbani.